Mama Yangu Si Kelele

Sogezeni viti, wanangu, chai iacheni ipoe, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Nyumba hii ni ya Hilary, aliyeniogesha. Bustani na kibanda chake cha vioo ni vyako, Clive, na yule jirani Ackroyd usimpe hata jani, kwani alinizushia kwa kasisi kuwa mimi ni mlevi, sikumsamehe na leo simsamehe.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu nina hasira, na hasira hii siendi nayo kaburini.

Nilipokuwa mdogo, kila Alhamisi mji wetu wa Halifax nzima ulijifungia ndani kutazama Kina Grimshaw, kile kichekesho cha wauza samaki na chipsi na mama mkwe wao aliyehamia darini. Babu yenu Wilf, baba yangu, aliegesha kinasa sauti mbele ya televisheni, akatukataza hata kukohoa, ili Jumapili tusikilize tena. Sisi tulitii. Mama hakuweza. Mama mkwe akianza tu kushuka ngazi, mama anatetemeka, kajiziba mdomo kwa mto, kisha kicheko kinampasuka mpaka anapaliwa, na baba anafoka, "Edna, umeniharibia tena, mwanamke wewe!" huku naye anacheka. Mapafu ya mama yalikuwa yameshaliwa na vumbi la kiwanda cha sufu. Majira ya baridi yaliyofuata tukamzika. Picha zake ninazo. Sauti yake imo kwenye kanda zile tu.

Watu wa televisheni walifuta vichekesho vyao wenyewe wapate kanda za kurekodia mpira. Sasa wamesikia ninazo sauti za Kina Grimshaw, kijana wao kaja kuniambia kitandani hapa, "Usijali, bibi, mitambo yetu itaondoa kelele zote za nyumbani." Kelele! Mama yangu ndiye kelele! Na wewe, Clive, ukaitikia, "Itapendeza zaidi, mama, maneno yatasikika." Mkataa kwao mtumwa! Maneno ya kina Grimshaw nayajua yote, upuuzi mtupu. Aliyeichekesha nyumba ile ni mama.

Basi nausia: kanda zitoke na kicheko chake, au zisitoke kabisa. Hilary, niteremshie lile sanduku la kanda juu ya kabati.

Mbona umelinyanyua kwa mkono mmoja?

Clive. Nitazame. Umezipeleka lini? Nikiwa nimelala? Usinitajie nakala, nakala iliyosafishwa nitaifanyia nini mimi!

Niinulieni mto... Hilary, Mungu akupe uzee mwororo na watu wa kucheka nao. Na wewe, Clive, baraka yako nilikuandalia, tena ndefu, lakini siitoi kwa mtu anayetazama zulia. Chukua funguo za gari. Manchester, kwa hao watu wa televisheni, si mbali. Wakikwambia mkubwa wao hayupo, kaa mlangoni, usibanduke. Ukizirudisha nzima, baraka utaikuta... hapa... mdomoni mwangu.

Nenda, mwanangu. Nitajaribu kukusubiri.