Eustache Munyaneza, Fundi Aliyelitangulia Jua (1930–1992)

Marehemu Eustache Munyaneza alizaliwa tarehe 3 Machi 1930 katika kilima cha Rebero. Alizaliwa na ngozi isiyotoa jasho. Baadhi ya ndugu walishauri jambo hili lisisomwe mbele ya watu. Linasomwa kwa sababu mjini wapo waliomwita mvivu, na hatutaki azikwe na jina hilo.

Alisoma shule ya misheni, ambako mwalimu alimruhusu kutoka na kujimwagia maji kichwani jua lilipokuwa kali. Mwaka 1949 alihitimu uashi, akiwa wa pili kati ya wanafunzi kumi na tisa.

Alijenga nyumba katika mitaa ya Biryogo, Nyamirambo na Remera kwa miaka arobaini na mbili. Alianza kazi saa kumi na moja alfajiri, akaweka zana chini saa nne, akarudi saa tisa alasiri. Katikati alilala barazani, shati bichi mwilini na kitambaa cha maji usoni. Waliopita saa sita walimwona amelala. Kuta alizokuwa amekwisha kuzijenga asubuhi hawakuziona.

Tarehe 24 Julai 1954 alifunga ndoa na Mukandekezi Générose, mwalimu. Kabla ng'ombe wa mahari hajatolewa, alieleza hali yake mwenyewe mbele ya wazee. Baba mkwe akasema, "Sawa. Ila usije ukamwambia binti yangu akulimie mchana wewe ukiwa kivulini." Hakuwahi kumwambia. Kwa miaka thelathini na minane mkewe alilowesha mashati yake, na kila asubuhi aliamka akijua ameolewa na mtu mkweli.

Jumamosi tarehe 14 Julai 1990, katika umuganda, kazi ya pamoja ya wakazi, tukichimba mitaro, kiongozi wa seli, yaani wa mtaa, alimsimamisha mbele ya watu. "Tazameni shati la muzehe huyu! Jasho tupu! Nyinyi vijana mmekauka kama makuti."

Marehemu angeweza kunyamaza akasifiwa. Akasema, "Bwana kiongozi, haya ni maji ya bomba. Mimi sijatoka jasho tangu nizaliwe."

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Yewe! Basi muzehe hajafanya kazi!"

"Leteni kamba," akajibu. "Msipime shati, pimeni mtaro."

Wakapima. Mtaro wake ulikuwa na mita kumi na nne. Aliyemfuata alikuwa na tisa. Yule aliyepaza sauti ndiye aliyembebea jembe hadi nyumbani, na leo yumo kati ya wabeba jeneza.

Jumapili tarehe 13 Septemba mwaka huu alishikwa na malaria. Mwili wa mwingine hutoa jasho na homa ikashuka, wake haukuweza. Hospitalini wauguzi walijitahidi sana, na kwa siku nne mkewe na binti yake Daphrose walimbadilishia mashuka yaliyoloweshwa maji. Hakunywa pombe maishani mwake, na hakuna mtu aliyempa sumu wala kumroga. Familia inaomba jirani yeyote asitajwe kwa ubaya.

Jumatano aliuliza mazishi yatakuwa saa ngapi. Daphrose akalia. "Baba, usiseme hivyo." Akamjibu, "Mama, mimi ni fundi, lazima nijue saa ya kuanza. Iwe saa moja asubuhi. Mjukuu wangu Shimwa asisimame juani kwa ajili yangu."

Alifariki Alhamisi tarehe 17 Septemba 1992, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, Mukandekezi Générose. Watoto watatu, Daphrose, Silvère na Christella. Dada yake, Kabagwira. Na wajukuu watano. Mmoja wao ni Shimwa, mwenye miaka tisa, aliyezaliwa na ngozi kama ya babu yake.

Waliolalamika kwamba wameitwa mapema mno sasa wamejua sababu. Mtoto mliyemwona na kitambaa kibichi kichwani hajawakosea heshima wafiwa. Amevaa alivyofundishwa na babu yake. Mkimkuta amelala kivulini saa sita mchana, mwacheni alale, kisha mwulizeni amefanya nini tangu alfajiri.

Munyaneza amemaliza kazi yake kabla jua halijapanda. Mungu ampe kivuli, na amani ya kupumzika humo.