Sikio, Aliyezijua Hatua Zetu

Ndugu, jamaa na marafiki, mtuvumilie tuwasimulie kwa ufupi maisha ya dada yetu, ambaye tangu utotoni mtaa mzima ulimwita Sikio.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa fundi mashine wa kiwanda cha mbao na mkewe, mshonaji. Alizaliwa njiti wa miezi saba, na hakulia. Alipofikisha mwaka mmoja shingo ikiwa bado haijakaza, daktari alisema ni mtindio wa ubongo: akili ipo, ila viungo havitii amri. Shangazi akashauri mtoto awekwe chumba cha nyuma, watu wasimwone. Mama akamjibu, "Wifi, mgeni huyu nilimwita mwenyewe. Atakaa sebuleni."

Sebuleni, juu ya mkeka, ndiko alikokulia. Kila Jumanne mtaalamu wa mazoezi ya viungo alifika na baiskeli yake, akamfundisha mama kuinyoosha misuli iliyokaza, kumlaza mtoto kifudifudi juu ya blanketi lililoviringishwa, na kumshikisha kijiko. "Mimi nina siku moja tu," alimwambia. "Wewe una sita. Tabibu wa mtoto huyu ni wewe." Baba alikata vyuma vya kitanda kibovu, akaunda reli mbili za kushikilia, kutoka dirishani hadi kwenye kona. Uji wa zoezi la kijiko ulimfikia mjomba aliyempakata zaidi ya mwenye kijiko, hadi mjomba akazoea kuja na shati la akiba.

Kwa kuwa sikio lake lilikuwa sakafuni kutwa, marehemu alimtambua kila mtu kwa nyayo zake kabla hajapiga hodi. Ndipo alipopata jina hilo.

Jumanne, tarehe 10 Juni 1975, saa nne asubuhi, akiwa katikati ya mazoezi, aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Baba," akasema.

"Baba yuko kazini," mama akamwambia.

"Kaingia. Hana viatu."

Mama alicheka, lakini alikwenda kutazama. Ukumbi ulikuwa mtupu, na mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Mtaalamu aliendelea kuushika mguu wa mtoto, akauhisi umelegea wote, mguu ambao kwa miaka mitano ya mazoezi ulikuwa mkavu kama mpini wa jembe. Saa saba mchana msimamizi wa kiwanda alifika na viatu vya baba vilivyofungwa ndani ya gazeti. Mashine ilikuwa imemuua saa nne kasoro.

Tangu hapo, mara kwa mara, Sikio alisema kuna mtu amesimama mwisho wa reli. Mama hakumkemea, wala hakumuuliza ni nani. Jumanne, tarehe 3 Februari 1976, akiwa na miaka saba, aliziachia reli. Mama alikuwa amemnyooshea mikono upande wa dirisha. Yeye aligeukia kona, pasipokuwa na mtu. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa umekunjwa kifuani tangu kuzaliwa, ulinyooka juu, kama wa mtoto aliyeshikwa na mtu mzima. Akapiga hatua saba. Mama alizihesabu, na hakumsimulia mtu habari ya mkono ule mpaka uzeeni.

Januari 1977 alipelekwa shule. Mwalimu mkuu alisema, "Mama, hapa si hospitali." Mama akajibu, "Nami sijaleta mgonjwa, nimeleta mwanafunzi." Alimaliza darasa la saba mwaka 1983, wa nne katika darasa la watoto arobaini na sita.

Mwaka 1988 aliajiriwa kuwa mpokea simu wa hospitali. Kwenye usaili waliguna kwamba maneno yake ni mazito. Akawaambia, "Anayepiga simu hospitali ana shida yake. Hana nafasi ya kunicheka." Alikaa kwenye kiti hicho miaka thelathini na mitano. Jumamosi zake alizitoa kwa watoto wenye hali kama yake, nyumba kwa nyumba, akiwafundisha mama zao yale aliyofanyiwa yeye. Kina mama hao wanasema kuna nyakati alitua, akatazama mlango uliofungwa, akasema "Karibu," na ngumi ya mtoto ikafunguka yenyewe.

Tarehe 20 Agosti 1994 aliolewa na fundi viatu aliyekuwa akimwongezea soli ya kushoto. "Nilikwenda kutafuta kisigino," alipenda kusema, "nikarudi na mguu mzima." Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi.

Tarehe 2 Februari 2024 alilazwa kwa nimonia. Mumewe alimuuliza kama anaogopa. "Siogopi," alisema. "Nimechoka tu. Mwili huu nimeutumikisha." Alifariki Jumapili, tarehe 11 Februari, saa kumi alasiri, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Marehemu ameacha mama, mume, binti, mdogo wake wa kiume anayesoma wasifu huu, na watoto kumi na mmoja wa Jumamosi. Aliye mdogo kuliko wote, msichana wa miaka mitatu, juzi alikaa mwenyewe kwa mara ya kwanza, dakika nzima. Mama yake ameomba tulitaje hilo mbele ya jeneza, kwa sababu marehemu aliacha ameagiza apewe habari.

Dada, tumekupa habari. Mwili uliofanya kazi maradufu ya miili yetu sasa upumzike kwa amani.