Mwanga Uliokwama Kagarama

Ndugu zangu, wengi mnanijua kama yule anayechimba mitaro ya nyaya za faiba, zile zinazopitisha intaneti kwa mwanga, na kuwaletea matope kikundini.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu Busanza. Baba wadogo wakaja, wakasema mbele ya watoto: "Kibarua hawezi kulea. Pata kazi ya kudumu, la sivyo tutawagawana." Kuwagawana, kama masufuria.

Nikaomba kazi ya kudumu kwenye kampuni ya hizo nyaya. Kwenye usaili injinia akaniuliza: "Mwanga wa rangi moja unatoka Gikondo kwenda Busanza. Ukifika Kagarama, katikati ya njia, rangi hiyo imeshachukuliwa na mteja mwingine kwenye waya wa mbele. Utafanyaje?"

"Nachimba mtaro mwingine, tunalaza waya mpya."

Injinia na wenzake walicheka. "Huyu jembe limemwingia kichwani." Nawaambia, sikuona cha kuchekesha. Mchimbaji angejibu nini?

Wakanieleza kuna kifaa kinachobadili rangi ya mwanga, safari ikaendelea, wakaniambia nikafikirie nirudi. Niliporudi nikajibu kwa kujiamini: "Tuweke kifaa hicho kila kituo." Injinia akashika kichwa. "Kaka, unajua bei yake? Kampuni itafungwa."

Nikatoka na hasira. Usipoweka, kosa, ukiweka, kosa.

Nikaja hapa kikundini nimenuna. Mama mmoja kutoka Kongo alikuwa akisimulia kwa Kiswahili, na benchi lile wanasikia Kinyarwanda tu. Dada yetu anayekaa katikati akapokea maneno, akayageuza, yakaendelea. Habari ileile, lugha nyingine. Na hatuna mkalimani kila kiti. Tunaye mmoja, pale mabenchi yanapokutana. Mama, unisamehe, ushuhuda wako sikuusikia mpaka mwisho.

Nikarudi kwa injinia. "Kifaa kimoja, Kagarama, kwa sababu njia nyingi zinakutana hapo. Kwingine mwanga upite na rangi yake."

Hakucheka. "Jumatatu njoo na viatu visivyo na matope."

Juzi baba wadogo wamekuja, wakakuta watoto wote wanakula. Lile neno la kugawana hawakulirudia. Mimi bado linanikera.

Asanteni mliowapikia wadogo zangu nikiwa mitaroni. Ninalowaachia ni hili: ukikwama, kabla ya kuchimba upya, angalia nani amekaa pale njia zinapokutana.

Na wewe dada wa katikati, naona umeacha kutafsiri. Watafsirie na hili, usilipunguze: ni wewe.