Benchi la Bluu la Mwalimu Zdravka

Ndugu waombolezaji, majirani wa kijiji chetu cha Gorna Breza, na nyinyi mliosafiri kutoka mbali mkajaa uani hapa, mimi ni Radoslav, mtoto wa dada wa marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya mama yangu mdogo, Zdravka Mineva, ambaye hotuba ndefu zilimchosha, basi nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1948 hapa hapa kijijini, akasoma hapa, akahitimu ualimu wa chekechea mjini Lovech mwaka 1969, na Septemba hiyo akakabidhiwa chekechea yetu, aliyoitumikia hadi ilipofungwa Juni 2009 kwa kukosa watoto.

Wengi wenu mlipita mikononi mwake, mnalikumbuka benchi la bluu kando ya jiko la kuni, ambako mtoto aliyepandwa na hasira alikwenda kukaa kabla hajamrukia mwenzake, na mwingine akamfuata, akakaa naye kimya mpaka pumzi zikatulia, ndipo mwalimu akauliza, "Haya, kipenzi, moyo unasemaje?" Wazazi walimcheka, eti dawa ya mtoto ni kofi, lakini Kamen, aliyekwisha kung'ata nusu ya darasa, aliacha kung'ata kabla theluji haijayeyuka.

Tarehe 14 Oktoba 1972 alifunga ndoa na Lyuben Minev, wakajaliwa binti mmoja, Elitsa, mwaka 1975, ambaye alikwenda kutafuta maisha Uhispania, kama walivyoondoka vijana wetu karibu wote, na Lyuben alipofariki Februari 2011, mama mdogo alilichukua lile benchi kutoka chekechea, akaliweka nje ya lango hili, akawa anakaa hapo kila alasiri, pembeni kabisa, akiacha nafasi ya mtu.

Jamani, kijijini kwetu kila lango lina benchi na kila bibi anakaa nje, kwa hiyo sote tulipita tukipunga mkono, "Unapunga upepo, mwalimu?" naye akajibu, "Napunga, mwanangu," tukaenda zetu.

Machi 2023 moyo ulianza kumsumbua, na Oktoba Kamen akarudi kutoka Ujerumani, akapewa kuendesha basi letu, na siku ya kwanza tu aliliona benchi, akasimama katikati ya barabara, akashuka, akakaa. Abiria walipiga kelele, "We Kamen, una wazimu? Soko litafungwa!" naye kimya, hata pumzi zilipotulia akauliza, "Haya, mwalimu, moyo unasemaje?"

"Upweke, Kamen," alisema. "Miaka yote hii, upweke tu."

Tangu hapo basi lilichelewa kila siku, mpaka tarehe 9 Novemba mama mdogo alipofariki hospitalini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, walimu wenzake, na abiria, ambao mwishowe walinyamaza. Elitsa alifika jana, na hayumo kati yetu hapa uani, yuko nje langoni, amekaa kwenye benchi, pembeni kabisa. Naomba niishie hapa, niende nikakae naye.

Mama mdogo, pumzika kwa amani.