Bangili Zisiuzwe kwa Ajili Yangu

Sogeeni wanangu, na wewe mkwe wangu usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kudai kodi, ingia ukae, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kubana matumizi na sitaki kurudia neno. Mama yenu akae hapa kitandani, upande wa sikio linalosikia.

Jambo lenyewe ni dhahabu. Mnajua nilikuwa mtu wa masijala, nimezeeka nikitunza mafaili ya watu, nikiamini kwamba kitu kisicho na muhuri hakipo duniani. Mama yenu, fundi cherehani, aliamini anachoweza kukishika. Tulipoanza kupanga akiba ya uzeeni nikamwambia pensheni inatosha, ofisi haimsahau mtu wake, akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni, akasema, "Baba watoto, ofisi hiyo hiyo inayokusahau ukiwa umekaa ndani yake?" Tulibishana muda mrefu, chakula kikipoa mezani, mwisho tukaafikiana: pensheni ibaki, na pembeni tuongeze dhahabu kidogo kidogo, bangili baada ya bangili, ila isinunuliwe wala isiuzwe mpaka wote wawili tuseme ndiyo.

Nikastaafu, na faili langu likapotea, tena katika masijala niliyoitunza mwenyewe. Nikatakiwa kuthibitisha kwamba niliwahi kuajiriwa, na aliyenitaka hivyo ni bwana niliyemfundisha kazi, akiniita mzee wangu kila anaponikatalia. Tukauza bangili mbili, kwa ndiyo mbili, tukala mpaka faili lilipoonekana: lilikuwa limekunjwa chini ya mguu wa meza ya mkuu wa idara, ili isiyumbe. Msimwekee kinyongo bwana yule. Ile meza ilikuwa mbovu kweli, na si wastaafu wengi wanaoendelea kuitegemeza idara wakiwa nyumbani.

Sasa sikilizeni vizuri. Sonara amekaa sebuleni na mizani yake, msidhani sijasikia kikohozi chake. Mama yenu anataka kuuza bangili zote nikapasuliwe ng'ambo, na nyinyi mmemuitikia. Daktari alisema waziwazi, mbele yako wewe mkubwa, kwamba kisu hakitaniongezea chochote isipokuwa safari. Mimi nakataa. Tulinunua dhahabu ile kwa ajili ya uzee, na mwenye uzee uliobaki hapa ni mmoja. Nikiondoka, ofisi itamdai mjane wangu cheti cha kifo, nakala ya cheti, na pengine barua ya kueleza kwa nini nilikufa bila kutoa taarifa. Bangili haimuulizi mtu kitu.

Nafasi yangu ya kusema ndiyo au hapana namwachia kitinda mimba, kwa kuwa ndiye pekee anayethubutu kubishana na mama yake. Binti yangu, mama akitaka kuuza ili ale vizuri, atibiwe, au anunue cherehani isiyopiga kelele kama trekta, sema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Akitaka kuuza ili awalipie kaka zako mikopo ya magari, sema hapana, hata wakilia. Wakubwa, msinitazame hivyo. Nawapenda, ila nawajua.

Nipeni maji kidogo... Basi, yanatosha.

Mama watoto, kwa mapatano yetu hapana yangu peke yake inazuia, lakini sitaki kuondoka nimekushinda kwa kanuni, kama karani. Nataka tukubaliane. Watoto wamekuitikia wakakusukuma mbele, nami nimekurudisha nyuma. Wewe mwenyewe wasemaje? ... Sema tu. Usijifute macho kwanza, sema.

"Mwambieni sonara aende zake."

Mmesikia. Ahsante, mke wangu. Tokeni wote mkamsindikize, mpeni chai, asiseme tumemsumbua bure. Nawabariki... mmoja mmoja, na mkwe pia. Mungu awape watu wa kubishana nao mpaka uzeeni. Fungeni mlango... polepole. Wewe baki. Baki hapa hapa.