Mpira wa Kwanza Apewe Sewa

Mgeni rasmi, Sheikh Mahfoudh bin Humam, mlezi wa ligi yetu ya besiboli ya Ijumaa. Kocha Loai na wachezaji wa timu yetu ya Ghubra. Wazee wetu, kaka na dada zetu: assalamu alaykum, na habari za alasiri.

KARIBU KWETU

Sisi ni washabiki tunaokaa upande wa kivuli. Tumefurahi mno kukuona siku hii ya kufungua msimu. Tunasoma kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayotukutanisha hapa, na tumesikia hata kwako nyumbani ndiyo mnayotaniana kwayo.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, wengi wetu hatukuujua mchezo huu. Aliyetuletea ni Ssewanyana, fundi wa gereji kule Wadi Kabir, aliyejifunza besiboli shuleni kwao Uganda. Timu ilipomfanya mrushaji, yule anayesimama katikati na kumrushia mpira mpigaji wa wapinzani, Waganda wenzake walikuja kumshangilia. Sisi wa nyumba za jirani tulisikia vigelegele, tukatoka kuuliza harusi ya nani. Tukabaki.

Sewa, ndivyo tunavyomwita, ana desturi yake. Kabla ya kurusha mpira wa kwanza hutugeukia, akagusa ukingo wa kofia. Hapo sote hunyamaza, hata watoto.

TULIYOPATA

Kombe tulilipata msimu wa juzi, kwa mkono wake. Lakini faida yetu kubwa haikai kabatini. Dada yetu Nakitto, anayefanya kazi za nyumbani, hupata ruhusa Ijumaa tu. Anasema, "Wiki nzima mimi ni njoo, leta, osha. Hapa mimi ni Nakitto." Naye Bi Mahbuba, ambaye Ijumaa zake zilikuwa za kukaa peke yake na televisheni, sasa huja na chupa ya chai na mandazi ya jukwaa zima. "Mie sheria zenu sizijui," husema. "Nnamjua Sewa tu. Akirusha, moyo wangu unatulia."

YALIYOTUSIBU

Msimu uliopita Sewa aliumia bega kazini, akiinua giaboksi. Hakumwambia mtu, alichelea kuachwa. Mipira ikaanza kupotea njia. Washabiki wa upande wa pili wakawa wanapiga kelele, "Huo umekwenda Sidab!", yaani mbali kule pwani kwa wavuvi. Bi Mahbuba akawajibu, "Muuache, utaturejea na samaki!" Tulicheka, lakini tulikuwa tunashindwa, na yeye alikuwa anasikia.

Wiki iliyopita kikosi kilitangazwa, naye hayumo. Tulijua kwa ujumbe wa simu. Yeye alikunja jezi yake, akaikabidhi, akarudi gereji. Hakuna aliyemuaga.

Mgeni rasmi, hatukuja kugombana. Kocha Loai alituambia kwa uchungu, "Jamani, hata mimi nampenda, lakini bega lile limechoka." Tunamwamini. Kijana Saeed aliyeshika nafasi yake anarusha vizuri, na leo tutamshangilia mpaka sauti zitukauke.

Ila Jumanne mazoezini, Saeed aliposimama katikati kurusha, tulinyamaza sote bila kuambizana. Tulikuwa tunangoja kofia iguswe. Saeed hana kosa, akarusha. Bi Mahbuba alikuwa tayari amemimina kikombe cha Sewa, kile cha sukari nyingi. Akakitazama. "Haya, nani atakunywa?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Chai ikapoa pale pale.

OMBI LETU

Tulikuwa tumekusudia kukuomba umrudishe kikosini. Tumebishana wiki nzima. Wa kwanza kukataa alikuwa Bi Mahbuba. "Msimwombee mtoto kitakachomuumiza," alisema. "Ombeni tumuone."

Basi ombi letu ni moja. Kwa desturi, mgeni rasmi ndiye anayefungua msimu kwa kurusha mpira wa kwanza. Tunakuomba kwa heshima zote: mpira huo umpe Sewa. Mmoja tu. Usihesabiwe wala usipimwe kasi. Ukipita katikati, alhamdulillahi. Ukienda Sidab, tutaungoja na samaki wake. Kinachotuuma ni kuwa mtu aliyetukusanya sote ameondoka kimya kimya, kama mpita njia. Daktari amesema kurusha mara moja, taratibu, hakutamdhuru. Naye Saeed, tulipomweleza, alisema, "Basi mimi ndiye nitakayemdakia." Anamngojea pale na glovu.

Sewa mwenyewe hakuwa na habari. Nakitto amemleta kwa kumwambia kuna mandazi. Yupo mstari wa tatu, na shati la gereji, pembeni ya Bi Mahbuba, ameinamisha kichwa tangu aliposikia jina lake. Kofia anayo. Tumeiona inachungulia mfukoni.

Sheikh wetu, Mwenyezi Mungu akupe afya wewe na ahali zako, aibariki riziki yako, na aihifadhi mikono ya kila anayetafuta mbali na kwao. Wachezaji wetu awalinde, na Ijumaa zetu azidumishe.

Ni sisi, Washabiki wa Upande wa Kivuli, Ghubra. Msomaji wenu ni Nouf, binti yenu.

Sewa, kaka, simama. Vaa kofia yako.

Sisi tunanyamaza sasa, kama tulivyozoea.