Mama Mwanaamina na Mstari wa Utupa

Tarehe 30 Novemba 1974, Mama Mwanaamina Shaweji anatundika mwiko baada ya kutupikia miaka minane katika hospitali yetu ya msituni, upande wa Pundanhar. Vita vya kumng'oa Mreno vimekwisha. Anarudi kwao Mute, ikiwa Mute bado ipo.

Alikuja na sufuria moja na ujuzi wa utupa, ule mmea wa maua meupe yenye zambarau unaojiotea kwenye mahame na mashamba yaliyoachwa. Majani yakipondwa na kutiwa kidimbwini, samaki hulewa wakaelea. Wengi hapa walipona kwa samaki wale, dawa zikiwa bado ng'ambo ya Ruvuma. Sharti lake lilikuwa moja: siku ya utupa, hakuna kunywa maji ya kijito. Kamanda Lázaro alisema sumu ya akina mama haimwezi. Alitapika mpaka akaomba radhi.

Mahame yalipotegwa mabomu, Mama alileta mbegu akazipanda kando ya kijito, karibu nasi. Mkono wake ulilelewa na pamba ya lazima, chini ya fimbo ya kapataz, msimamizi wa mashamba ya Wareno. Haukujua kupanda ila kwa mstari. Utupa ukaota umenyooka kama kamba, ukachanua. Sote tuliusifu. Lakini msitu haupandi kwa kamba, na rubani wa Kireno alilijua hilo. Mabomu yaliufuata mstari shina kwa shina, hadi banda la wagonjwa. Tuliwazika, pamoja na Zainabo, binti yake Mama, aliyekuwa akichota maji.

Mama alifunga bunda lake la nguo aondoke. Muuguzi Germano akasimama njiani: "Ukienda wewe, Mama, twende sote. Nani hapa hakukwambia, 'Hongera, shamba limenyooka'?"

Mama akalitua bunda. "Nipishe," akasema, "moto unazimika." Akarudi jikoni.

Tangu hapo alipanda kwa mkono wa kushoto, amefumba macho. Muhogo wake tuliusaka kama mbuzi aliyepotea. Wagonjwa waliopata nafuu ndio walikuwa wapelelezi. Ndege zilipita juu yetu, hazikuona kitu. Siku nyingine nasi hatukukiona chakula.

Ahsante, Mama. Tumekufungia mbegu za utupa na kamba ndefu. Kamba hii haina kapataz, na mbingu sasa hazina rubani. Maisha yako yawe mema huko Mute. Fumbua macho, uinyooshe.